Fusae Hajaingia Majini

Saa kumi alasiri Mama Tamiyo alitundika pazia la buluu mlangoni, na hamamu ya Matsukaze ikawa imefunguliwa. Genzo alikuwa wa kwanza kuingia, kama ilivyo kawaida yake tangu aache kazi. Alivua viatu, akavisukuma kwenye kisanduku chake, akamwinamia Mama Tamiyo, ambaye alikuwa ameshapanda kwenye kiti chake kirefu pale katikati. Kutoka kwenye kiti kile anauona upande wa wanaume na upande wa wanawake kwa pamoja, na hamtazami mtu. Kuona bila kutazama ndiyo kazi yenyewe, na Mama Tamiyo aliirithi kwa mama mkwe wake pamoja na kiti.

Genzo alivua nguo zote akaziweka kikapuni. Aliingia ndani na beseni lake na taulo dogo, akakaa kwenye kigoda mbele ya bomba, akajisugua kuanzia nyuma ya masikio hadi katikati ya vidole vya miguu, akajimwagia maji mpaka povu likaisha, akajimwagia tena kwa heshima ya wenzake. Maji ya birika kubwa ni ya watu wote. Wa kuingia humo na uchafu wake ni mtoto mchanga au mtu wa ofisini. Kisha alilikunja taulo, akaliweka kichwani, akazama mpaka kidevuni, akaguna.

"Yamekolea moto leo," alisema Kumagai, aliyekuwa ameingia nyuma yake.

Kumagai na Genzo walimwaga lami pamoja ujana wao wote. Barabara za mji wa Tarusawa, kuanzia stesheni mpaka kwenye lango la halmashauri, zilipita mikononi mwao. Wakubwa wamezipita kwa magari yao mpaka leo na hakuna aliyewahi kuuliza nani alizilaza.

"Yamekolea," alikubali Genzo.

Kati ya wanaume na wanawake pana ukuta wa vigae, na ukuta huo haufiki darini. Chini yake birika ni moja. Maji hupita kwenye tundu lenye wavu, yakaenda na kurudi. Juu yake hupita sauti. Mtu akisahau sabuni, mkewe anamrushia. Na mume akimaliza kuoga huita jina la mkewe, aseme anatoka, mke naye atoke, wakutane mlangoni, asiwepo wa kusimama kwenye theluji akimngoja mwenzake. Genzo na Fusae waliitana hivyo tangu walipooana. Fusae alifia kwenye nyumba ya wazee mwaka juzi, majira ya majani kuanguka, na tangu hapo Genzo alikuwa akitoka bila kuita.

Siku hiyo mdomo uliita wenyewe, kama mguu unavyozijua ngazi za nyumbani.

"Fusae, natoka."

Upande wa pili bomba lilifungwa.

"Ngoja kidogo, baba. Sijamaliza kichwa."

Genzo alirudi majini. Alikaa akiutazama mlima mweupe uliochorwa ukutani, ambao rangi yake ilikuwa inabanduka kileleni.

"Vipi tena?" aliuliza Kumagai.

"Hajamaliza kichwa."

"Wanawake," alisema Kumagai, akafumba macho.

Alipotoka, Genzo alisimama mbele ya kiti kirefu akijifunga mkanda. "Mama Tamiyo, Fusae yumo?"

"Yumo. Bomba la mwisho, pembeni. Amekuja na lile beseni lake lenye ufa."

Beseni hilo Genzo alikuwa amelitoa mwenyewe siku ya takataka za plastiki, juma moja baada ya mazishi. Alisimama nje mpaka Mama Tamiyo alipoteremsha pazia. Fusae hakutoka. Genzo alienda nyumbani, akapasha moto supu ya mchana, akala.

Kesho yake Fusae alikuwepo, na kesho kutwa pia. Hakuja Jumanne, kwa sababu Jumanne hamamu hufungwa. Genzo aliita, Fusae aliitika, na mambo yakaenda hivyo. Walizungumza yale yale. Fusae aliuliza kama mfereji wa bati umerekebishwa, Genzo akasema bado. Fusae aliuliza kama anakula mboga, Genzo akasema anakula, na wanawake wa upande ule wakacheka kwa sababu walimwona dukani akinunua tambi za pakiti.

Ni Mama Tamiyo aliyemwambia. Alisubiri mpaka Genzo abaki peke yake mlangoni, akainama kutoka kwenye kiti.

"Mzee Genzo, mkeo haingii majini."

"Haingii vipi?"

"Anajisugua, anajimwagia, anajisugua tena. Anageukia ukutani. Taulo kalishika mbele na kulishusha hataki. Midomo imekuwa ya buluu."

Genzo hakulielewa hilo. Fusae anayemjua yeye alikuwa mwanamke wa kutembea kutoka bombani mpaka birikani kifua mbele, taulo begani, akisalimia kila mtu, hata alipokuwa na mimba kubwa, hata baada ya daktari kumpasua tumbo na kumwachia mshono mrefu. Msichana mmoja kutoka mji mwingine alipowahi kuja akajifunga taulo kiunoni, Fusae alimuuliza kwa upole kama amebeba kitu cha wizi. Na baridi aliichukia. Baridi ndiyo kitu pekee alichokichukia duniani kuliko ofisi.

Kesho yake Genzo alijisugua haraka, akaingia majini, akakaa karibu kabisa na ukuta.

"Fusae. Wanasema huingii majini."

Maji yalipita kwenye wavu.

"Mama Tamiyo ana mdomo," alisema Fusae.

"Una nini?"

"Nina haya, baba."

"Haya ya nini? Umeoga humo tangu hujaolewa."

Fusae alisema, kwa sauti ileile aliyoulizia mfereji wa bati, kwamba kule nyumba ya wazee walimnyoa nywele za chini ya kitovu. Walimnyoa kwa wembe, akiwa amelala chali, kila juma, mpaka akafa. Waliwanyoa wote wa ghorofa ile. Ilikuwa ni kwa ajili ya usafi, ili mtunzaji akimbadilisha mtu amfute mara moja na kwenda kwa mwingine.

"Kama kuku wa supu," alisema. "Nimefika huku hivyo hivyo. Huku hazioti. Nilidhani nikisugua sana zitaamka."

Upande wa wanaume hakuna aliyeonyesha kwamba amesikia. Kumagai alilitoa taulo kichwani, akalikamua nje ya birika, akalirudisha.

"Nani alikunyoa?" aliuliza Genzo.

"Mtoto wa watu, mwema. Ana wazee ghorofa nzima na mikono miwili. Kila akichukua wembe ananiomba radhi. Si yeye, baba."

"Nani basi?"

"Hakuna aliyeniuliza. Ni hilo tu. Wangeniuliza ningeweza kukataa, au hata ningekubali. Sijui. Hawakuuliza."

Sasa Genzo aliyaelewa mengine. Gari la nyumba ya wazee lilikuwa linawaleta wakazi wake Matsukaze mara mojamoja, na kila mara Genzo alikuwa akisubiri mlangoni na beseni lenye ufa, na kila mara mtunzaji alishuka na kusema Bibi Fusae amechoka, hatashuka leo. Genzo alidhani amemkasirikia kwa kumpeleka kule baada ya kuvunjika nyonga. Alikwenda nyumbani na beseni, naye akakasirika kidogo.

Alikumbuka pia mkutano. Familia zote ziliitwa, zikakalishwa kwenye viti vya kukunja, na mkurugenzi, Bwana Hasunuma, alizungumza kwa muda mrefu kwa maneno laini. Alisema wanatazamia kuwarahisishia wazee usafi wa mwili, kwa kuzingatia hali ya watumishi, kwa njia isiyomsumbua yeyote. Genzo hakusoma sana, na maneno ya namna hiyo humpita kama gari la moshi lisilosimama stesheni ndogo. Lakini alitikisa kichwa. Wote walitikisa. Mtu akiongea mbele yako unamtikisia kichwa na kusema ndiyo, ndiyo, la sivyo atadhani umesinzia au una kinyongo naye. Mwishoni Bwana Hasunuma aliwashukuru kwa kuafiki kwao, akainama, wakainama, wakapewa keki ya maharage.

Asubuhi Genzo alivaa suruali ya mazishi akaenda nyumba ya wazee. Bwana Hasunuma alimpokea mwenyewe, akamwekea chai. Si mtu wa kufoka. Alikuwa na uso mwembamba uliochoka na mikono iliyokuwa safi sana.

"Mke wangu analalamika," alisema Genzo.

"Pole sana. Alilalamika lini?"

"Jana jioni."

Bwana Hasunuma aliwaza. "Malalamiko ya marehemu yalikuwa yakipokelewa na idara ya pale makao makuu ya mkoa," alisema, "lakini ilivunjwa kwenye marekebisho. Mimi naweza kusikiliza tu."

Alisikiliza. Alitikisa kichwa muda wote. Kisha alieleza kwamba vijana hawataki kazi ya kutunza wazee, kwamba wanaoitaka wanaumia migongo, kwamba huko miji mikubwa watu wazima wanaenda wenyewe kuondolewa nywele mapema, kwa hiari, ili wasije kuwatwisha mzigo wakwe zao. Ni mtindo sasa. Magazeti yanausifu.

"Wanaenda wenyewe," alisema Genzo.

"Ndiyo."

"Wangu hakwenda mwenyewe."

"Familia iliafiki, Mzee Genzo. Mimi mwenyewe nilikuona. Ulitikisa kichwa."

Genzo aliikodolea macho chai. Halafu akaona kitu kwenye mkono wa shati la mkurugenzi. Unywele mrefu wa mvi ulikuwa unachungulia pale kwenye kifungo, ukasogea kidogo, kama mche unaotafuta jua. Bwana Hasunuma alichukua mkasi mdogo uliokuwa kando ya simu, akaukata, akaendelea na maneno ya bajeti.

Theluji ilipokolea, Bwana Hasunuma alianza kuja Matsukaze. Ilisemekana bomba la maji machafu la nyumbani kwake limeziba kwa nywele na mafundi wamekataa kurudi. Alimwinamia Mama Tamiyo, akavua koti, akavua tai, akavua shati, akazikunja vizuri kikapuni. Chini ya nguo alikuwa amejaa nywele za mvi. Zilitoka mabegani, mgongoni, tumboni, mapajani, nyingine nyeupe kabisa na nyingine za rangi ya majivu, zimejikunja, ndefu zikamfikia magotini. Alinyoa asubuhi, alinyoa mchana na alinyoa kabla ya vikao, na baada ya vikao zilikuwa pale.

Hakuna aliyemtazama. Wanaume waliokuwa humo waliendelea kusugua visigino vyao. Hamamu ina adabu yake: tumbo la mwenzako, kovu la mwenzako, kilichopungua na kilichozidi, vyote unaviona na vyote huvitazami, na ukitoka nje hukuviona. Hivyo ndivyo mwalimu na mvuta mkokoteni wanavyoweza kukaa kwenye maji yale yale. Bwana Hasunuma alisogezewa kigoda. Mtu mmoja alimwambia leo theluji ni ya unga, akasema kweli, ni ya unga.

Kumagai peke yake alinong'ona. "Unaona?"

"Naona," alisema Genzo.

"Usitazame."

Genzo alitoka majini, akaenda kukaa nyuma ya mkurugenzi.

"Nikusugue mgongo, bwana mkurugenzi."

"Ah, hapana, nitakuwa nakusumbua."

"Mgongo haujisugui."

Bwana Hasunuma alikubali, kwa sababu mtu akijitolea kukuosha mgongo huwezi kumkatalia mara mbili. Genzo alipaka povu, akaanza kusugua. Nywele zilikuwa nyingi, zikanaswa kwenye taulo. Alizitambua nyingine. Zile ngumu zilikuwa za Bibi Orie wa duka la tofu, aliyekuwa ghorofa moja na Fusae, na hata mwenyewe angesema hivyo, maana kila kitu chake kilikuwa kigumu. Na chini ya bega la kushoto zilikuwepo za Fusae. Mtu aliyelala na mtu miaka mingi haambiwi. Genzo alizisugua polepole, akazisuuza kwa maji ya uvuguvugu, akazisuuza tena.

"Zinawasha?" aliuliza.

"Usiku," alisema Bwana Hasunuma. "Zinakuwa baridi. Mke wangu amehamia chumba kingine. Daktari anasema ni umri."

"Mke wangu yuko nyuma ya ukuta huo. Haingii majini. Anaona haya kwa sababu yako, na anapata baridi. Mwambie neno. Simama hapa, mwambie ulimkosea, basi. Sihitaji kingine."

Bwana Hasunuma aligeuza shingo akautazama ukuta. Povu lilikuwa linamteremka. Kwa muda alionekana kama mtu ambaye atasema kitu, na Genzo aliushika ukingo wa beseni. Kisha mkurugenzi alisimama, akaweka taulo mbele yake, akanyoosha mgongo kama wanavyofanya kwenye televisheni, akausemesha ukuta.

"Iwapo kuna mhusika yeyote ambaye, kutokana na upungufu katika maelezo yetu, alipata hisia zisizopendeza, tunapenda kueleza masikitiko yetu, na tutajitahidi kuhakikisha maelezo yanatolewa kwa kina zaidi siku zijazo."

Akainama. Nywele zote ziliinama pamoja naye, zikagusa sakafu.

Upande wa pili Fusae aliuliza, "Baba, nani huyo anasoma tangazo?"

"Mkurugenzi."

"Mwambie afunge mlango akitoka. Upepo unaingia."

Bwana Hasunuma alijimwagia maji, akamshukuru Genzo kwa mgongo, akaingia birikani upande wa mbali, na nywele zake zikatandaa juu ya maji kama mwani. Watu walisogea kidogo kumpa nafasi.

Majuma yakapita. Fusae alikuwa bado kwenye bomba la mwisho. Mama Tamiyo alimpelekea chai ya moto, Fusae akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa. Wanawake wa rika lake walikuwa wanajitahidi kutomtazama, na kwa kutomtazama kwao walikuwa wamemwachia mabomba matatu matupu kando yake. Genzo aliita, Fusae aliitika, na kila siku sauti yake ilitetemeka zaidi kwa baridi, mpaka ikawa ni shida kusikia neno lenyewe katikati ya meno.

Ndipo jioni moja Genzo akasikia kigoda kikiburutwa upande wa pili. Kigoda kiliburutwa mbali, kikapita mabomba matatu matupu.

"Bibi, pana mtu hapa?"

Sauti ilikuwa ya Mizuho, anayegawa barua kwa pikipiki nyekundu mtaa mzima. Ana miaka thelathini hivi, hajaolewa, na wazee wa Tarusawa walikuwa na maneno juu yake tangu siku ya kwanza alipovua nguo Matsukaze, kwa sababu alikuwa hana hata unywele mmoja chini ya shingo. Alikwenda mjini, kwenye mashine ya mwanga, akaondolewa zote. Enzi za wazee hao, mwanamke wa hivyo alisemwa kuwa ni mkosi nyumbani. Siku hizi hamamu za miji mikubwa zimejaa wa hivyo, lakini Tarusawa si mji mkubwa.

"Kaa," alisema Fusae. "Ila hutanisogelea ukijua nilivyo."

"Ninajua. Mama yangu ananyolewa pale pale ulipokuwa." Maji yalimwagika. "Mimi pia sina, si unaona."

"Wewe ulitaka."

"Mimi nilitaka."

"Ndiyo tofauti."

"Ndiyo tofauti yenyewe, bibi. Sikuja kukuambia ni sawasawa."

Fusae alicheka kidogo, na kicheko kikavunjwa na meno. "Unajua nilikuwa nakusema? Mimi na Orie. Tulikuwa tunasema umefanana na figili."

"Najua. Humu ndani sauti haina mahali pa kujificha. Mlisema pia nina makalio ya mwanaume."

"Hilo ni Orie."

"Hilo ni wewe, bibi. Nilikuwa bomba la pili."

"Basi ni mimi. Nisamehe."

Hivyo tu. Alisema nisamehe kama mtu anavyosema nipe sabuni, na upande wa wanaume Kumagai alimgusa Genzo kwa goti chini ya maji.

"Geuka nikusugue mgongo," alisema Mizuho. "Halafu tutaingia wote. Watakaotaka kutazama watazame figili mbili."

Genzo alisikia taulo likisugua. Alisikia beseni lenye ufa likijazwa na kumwagwa. Alisikia miguu minne kwenye vigae, miwili ikikanyaga na miwili ikiteleza polepole kama ya mtu mwenye nyonga mbovu. Bibi mmoja alisema, "Huku, huku ni pa vuguvugu," na mwingine akasema, "Jamani sogeeni, mmekaa kama mmelipia."

Kisha maji yalipanda. Yalipanda upande wa wanaume kidogo, kutoka kidevuni mpaka kwenye mdomo wa chini wa Genzo, yakafurika ukingoni, yakatiririka kwenye sakafu. Baridi kali ilipita kwenye wavu chini ya ukuta, ikamzunguka miguu, ikapanda mpaka magotini. Wanaume wote waliisikia. Hakuna aliyetoka.

"Kuna aliyeingia," alisema Kumagai.

"Ni Fusae," alisema Genzo.

Baridi ilikaa. Moto wa tanuri uliifanyia kazi taratibu, na baada ya muda maji yakawa maji. Upande wa pili Fusae aliguna mguno mrefu, ule wa mtu aliyetua mzigo, na wanawake wote wakaguna pamoja naye kwa adabu.

Mambo mengine yalibaki yalivyokuwa. Nyumba ya wazee iliendelea kunyoa, na kuanzia mwaka mpya iliwanyoa hata wanaume, ili pasiwe na upendeleo. Bwana Hasunuma alipandishwa cheo akahamia makao makuu ya mkoa, kushughulikia ustawi wa wazee wote wa pwani ile. Kwenye sherehe ya kumuaga alivaa suti iliyoshonwa kwa upana zaidi, na nywele zilimtoka kwenye kola na kwenye soksi alipokuwa akisoma hotuba. Watu walipiga makofi. Walioketi mbele walitazama viatu vyao.

Genzo naye aliteleza kwenye barafu mbele ya lango la halmashauri, juu ya lami aliyoilaza mwenyewe, akavunjika kifundo. Ofisi ya ustawi ilimwambia kwamba hawezi tena kukaa peke yake na kwamba nafasi yake imepatikana. Theluji ikiyeyuka, atahamia. Aliitwa kwenye mkutano wa wanaoingia. Mkurugenzi mpya, kijana mwenye miwani, alizungumza kwa muda mrefu kwa maneno laini juu ya usafi wa mwili, na watu waliokuwa kwenye viti vya kukunja walimtikisia kichwa. Genzo hakutikisa. Alikaza shingo tangu mwanzo mpaka mwisho, akamkazia macho, mpaka mishipa ikamsimama. Alikuwa peke yake. Mkurugenzi mpya aliwashukuru wote kwa kuafiki kwao, wakapewa keki ya maharage. Juma lililofuata Genzo aliletewa nyumbani mto maalumu wa watu wenye maumivu ya shingo, umefungwa kwa utepe.

Jioni hiyo alikwenda Matsukaze kwa magongo. Kumagai alimsugua mgongo, akamshika kwapani, akamwingiza majini kama anavyoingizwa mtoto.

"Fusae," alisema Genzo kwenye ukuta. "Theluji ikiyeyuka wananipeleka kule."

"Nimesikia. Mizuho kaniambia."

"Sikutikisa kichwa."

"Najua hukutikisa."

"Watanyoa tu."

"Watanyoa," alisema Fusae. Maji yalipita kwenye wavu, ya moto, kutoka kwake kuja kwa Genzo. "Gari likikuleta huku, baba, shuka. Usiseme umechoka. Njoo hivyo hivyo ulivyo. Huku hakuna anayetazama."

Genzo alikaa mpaka vidole vikakunjamana. Kisha aliita kwamba anatoka, Fusae akasema tangulia, ndiyo kwanza joto linafika kwenye mifupa, na Genzo akavaa, akamwinamia Mama Tamiyo, akaenda kusimama nje karibu na pazia. Theluji ilikuwa ya unga. Alilitundika taulo bichi kwenye gongo na kumsubiri Fusae. Liliganda haraka, likawa gumu kama ubao, na gongo lilipoteleza likaanguka, taulo lilibaki limesimama lenyewe pembeni yake, kama mtu anayengoja naye.